Kurasa Nilizofungia Karanga

Majuzi nilikuwa stendi ya Korogwe, nasubiri gari la Handeni, njaa ikanishika nikanunua karanga. Karanga za kwenye pakiti zimejaa tele siku hizi, lakini mama yule alikuwa bado anafunga zake kwa karatasi ya daftari iliyokunjwa pembe. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi. Ilikuwa insha ya mtoto: “Ng'ombe ni mnyama wa kufugwa. Ana miguu minne.” Chini yake mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, “Vizuri.” Nikaikunja taratibu, nikaitia kwenye mkoba.

“Mama, karanga umeshakula, karatasi unaipeleka wapi?” akaniuliza yule muuzaji, huku akicheka.

Nikamwambia naipeleka nyumbani. Cheka tu, na wewe unayesoma cheka, lakini nikueleze kwa nini mimi situpi karatasi ya karanga.

Nililelewa na bibi yangu kule Mazingara, mzaa mama. Alikuwa mkunga. Watoto wote wa upande wetu wa kijiji walipita mikononi mwake, na kwa sababu hiyo hakuna mwanamume, hata awe na sharubu namna gani, aliyethubutu kumpandishia sauti. Alikuwa mfupi, mkavu, mwepesi wa kutembea, na mikono yake ilinuka moshi na mafuta ya nyonyo. Alilima mahindi na karanga. Za kula tulizisaga tukaungia kisamvu, za kuuza alizikaanga kwenye mchanga wa moto, na kuziuza ilikuwa kazi yangu. Mpaka leo nikisikia karanga zikipasuka kwenye kikaango, mate yananitoka na machozi yananilenga, sijui yapi yanatangulia.

Bibi alikuwa na kitabu. Kilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu, alilifunga kwenye kipande cha kanga, akalitundika kwenye dari ya jikoni juu ya moto, pale palipotundikwa mahindi ya mbegu, ili moshi ufukuze mchwa. Kila alipotoka kuzalisha alioga, akala, kisha akateremsha kitabu. Wino alijitengenezea mwenyewe kwa masizi ya chungu na utomvu wa mgunga. Kalamu yake ilikuwa tete lililochongwa. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, akaanza kuchora vitu vilivyopinda, vyenye nukta juu na chini, akitokea kulia kwenda kushoto.

“Bibi, unafanya nini?”

“Namwandika mgeni,” alinijibu. “Wenye maduka wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu je?”

Mimi sikumwelewa. Nilikuwa darasa la nne, najua kusoma, najiona msomi. Herufi nilizozijua zilikuwa zile za ubaoni, na hizi za bibi nilizichukulia kuwa mchezo wa watu wazima, kama bao.

Ndipo kikaja kisomo. Wewe kama una umri wangu unakumbuka ilivyokuwa. Watu wazima wote wasiojua kusoma waliandikishwa, wakawa wanaingia darasani alasiri sisi tukishatoka. Mwandikishaji alipofika kwetu alimwuliza bibi, “Bibi, a, e, i, o, u unazijua?” Bibi akasema, “Hizo zenu sizijui.” Akaandikwa: hajui. Wala hakubisha. Kesho yake alivaa kanga yake ya Idi akaenda shule.

Mwalimu wa kisomo alikuwa kijana Mshambaa kutoka Dindira, mpole, shati limepigwa pasi hadi lina makali. Alipenda kuandika juu ya ubao, “Usilolijua ni usiku wa giza.” Mimi nilisimama mlangoni na ungo wa karanga, nikawaona wazee wa kijiji wamebanana kwenye madawati yetu, wengine wana wajukuu mgongoni, wanaimba ba, be, bi, bo, bu. Bibi alikuwa dawati la mbele. Mwalimu akieleza jambo, bibi anaandika. Anaandika mbio kuliko wote! Ila anaandika yale madudu yake, kutoka kulia. Mwalimu alipopita kusahihisha akaguna, akampigia kosa kubwa jekundu, akasema, “Bibi, hapa hatuchorichori.” Darasa likacheka. Watoto wenzangu dirishani wakaanza kuniimbia kwamba bibi yangu anachora miguu ya kuku.

Niliona aibu, nisikufiche. Nilimwonea aibu mtu aliyenilisha.

Siku moja magazeti ya kufungia yakaniishia, na duka lilikuwa limefungwa. Bibi alikuwa shambani. Nikatazama juu ya moto. Nikajiambia, si miguu ya kuku tu ile, nani ataikosa? Nikapanda kwenye kinu, nikateremsha kitabu, nikachana kurasa za katikati, kama kumi na tano hivi, nikakirudisha kama kilivyokuwa. Karatasi ilikuwa nene, nzuri, inakunjika vizuri mno. Karanga zangu zikaenda zote, na fungu moja alinunua mwalimu.

Alikuwa anazitafuna mezani, wanafunzi wake wananakili ubaoni. Alipozimaliza akaitazama ile karatasi. Akaigeuza. Akaenda hadi dawati la bibi, akaiweka kando ya daftari lake la kisomo, akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu.

“Bibi,” akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Hii nini?”

Bibi akaichukua. Akanitazama mimi pale mlangoni. Mara moja tu. Ningeweza kuingia ndani ya ungo nikajifunika. Kisha akasimama, akasoma.

Alisoma kwa Kizigua, kwa sauti ileile ya kuongea, wala hakukwama popote. Nakupa kwa Kiswahili kama ninavyokumbuka: “Amezaliwa Ijumaa, mvua za vuli zimefika. Mtoto wa kiume, ana alama nyeusi begani. Mama yake amechoka lakini amecheka. Mtoto alishika kidole changu, akakataa kukiachia. Amekaa nasi siku saba.” Akataja jina lake na jina la baba yake.

Dawati la nyuma akasimama jirani yetu, mwanamke mkubwa mwenye wajukuu, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kusikia kwamba aliwahi kuzaa mtoto kabla ya hawa tuliowajua. Alikuja mbele polepole, akishika madawati. Akaweka kidole juu ya karatasi yenye mafuta ya karanga.

“Wapi?” akauliza. “Yuko wapi hapo?”

Bibi akamwonyesha.

“Kumbe yumo,” akasema jirani. “Kumbe yumo miaka yote hii.” Akalia kilio ambacho sikujua watu wazima wanaweza kukilia, na wanawake wote wakasimama wakamzunguka.

Ewe ndugu yangu, mimi niliutua ungo chini. Nilikuwa nimesoma miaka minne, nimepata “Vizuri” kibao kwa wino mwekundu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maandishi ndiyo haya. Kwamba mtoto wa siku saba anaweza kukaa juu ya moto wa bibi, ndani ya masizi na utomvu, miaka na miaka, akisubiri kusomwa. Nami nimemuuza na karanga!

Mwalimu akauliza kwa adabu, “Bibi, mbona hukusema kama unajua kusoma?”

“Hamkuniuliza, mwanangu. Mliniuliza zile zenu. Hizi nilifundishwa na baba yangu, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, naye alizipata kwa waliotoka pwani. Nilikuja hapa nijue na zenu.”

Kijana yule akachukua daftari la kisomo la bibi, akakaa, akazikata zile alama nyekundu za kosa, moja baada ya moja. Kisha akafuta ubao, ile methali yake yote. Alitueleza baadaye kwamba babu yake alijifunza kusoma kwa wamisionari kule Lutindi, na kwao waliamini kwamba kabla ya wamisionari nchi hii yote haikuwa na herufi hata moja.

Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniambia, “Chukua wino. Twende.” Tukaanza kuzunguka nyumba zote nilizouza, hodi hodi, kuuliza karatasi. Nyingine tulizipata jalalani, nyingine chini ya godoro, maana watu walishasikia, wakazificha kama hirizi. Nyingine zilishawashiwa moto. Kwa zile zilizopotea alikwenda kwa wenyewe, akakaa na mama mzazi, akamwuliza: ilikuwa saa ngapi, mvua ilikuwapo, nani alisimama mlangoni, mtoto alilia vipi? Mama anasema hiki, bibi anakumbuka kile, mimi nimeshika kidau cha wino. Siku zile nilisikia jinsi kijiji kizima kilivyoingia duniani. Hata yule baba mkali aliyetufukuza kwenye mapera yake, kumbe alizaliwa njiani, mama yake akitoka kuteka maji, akafungwa kwenye kaniki. Sikumwogopa tena.

Mwalimu naye akaanza kuja kwetu siku za Jumamosi. Tulikaa naye mkekani, mimi na yeye, wanafunzi wawili wa bibi. Ni yeye aliyegundua jambo ambalo bibi mwenyewe aliliona la kawaida: zile sauti za Kizigua ambazo herufi za Kiarabu hazina, bibi alikuwa amezitengenezea alama zake, kwa kuongeza nukta. “Nani alikufundisha hizi?” akamwuliza. Bibi akasema, “Mtoto akizaliwa na jina, ningeliacha kwa kukosa nukta?” Mwalimu akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Ukurasa wangu mimi pia ulikuwamo katika zile nilizochana. Uliliwa na mbuzi, tuliambiwa. Mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo shahidi alibaki bibi peke yake. Akaniambia yote kwa mdomo, ila akaacha ukurasa mtupu. “Huu utauandika wewe. Mkono uliobomoa ndio ujenge.”

Nikasema, kesho. Kisha nikaenda sekondari, nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha watoto wa watu a, e, i, o, u mpaka nikastaafu. Bibi alifariki nikiwa mbali. Kesho yangu ilikuwa ndefu, jamani.

Basi nilipofika Mazingara safari hii, mpwa wangu alinitolea kile kitabu kabatini, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nyumba ya bibi haipo, jiko ni la gesi, hakuna tena moshi wa kufukuza kitu, na mchwa wameshakula pembe zake. Hata hivyo ukurasa wangu ulikuwapo, mtupu, mweupe kuliko wenzake. Nikachonga tete. Masizi niliomba kwa jirani anayepikia kuni. Nukta nyingine sina hakika nazo, lakini niliandika, kutoka kulia: “Amezaliwa asubuhi, mahindi yanabeba. Hakulia. Nilimwita mara tatu, ya tatu akaitika.” Hayo ni maneno ya bibi. Chini yake nikaongeza langu: “Huyu ndiye aliyechana kitabu.”

Mtoto wa mpwa wangu, binti wa miaka saba, alikuwa amesimama begani kwangu muda wote.

“Bibi, umeandika nini?”

Nikamsomea. Nilipowatazama wote pale, hapakuwa na mwingine ambaye angeweza kumsomea, na nikifa mimi hatakuwapo. Yeye hakuyafikiria hayo. Alifunua kurasa mbele, akafunua nyuma.

“Na mimi nipo ukurasa gani?”

Nikageuza ukurasa mwingine mtupu, nikachovya tete, nikamgeukia mama yake. “Haya, mama. Siku aliyozaliwa huyu mvua ilikuwa inanyesha?”

Mpwa wangu akafikiri. Alijifungulia hospitali, Korogwe; kadi ipo, uzito umeandikwa, na chanjo zote. Akafikiri tena, mtoto anamtazama mdomoni.

“Shangazi, sikumbuki,” akasema. “Ngoja niangalie kwenye simu.”

Akaanza kutafuta picha, kidole kinapanda na kushuka, nami nimeshika tete juu ya karatasi, wino unakauka.