Figo la Mama Mkwe

Ndugu yangu Obwocha ana bucha pale Birongo, ana kifua kipana kama mlango wa duka, na duniani anaogopa mtu mmoja tu: mama mkwe wake. Kwetu Gusii hilo lina jina lake, chinsoni, ile heshima inayomkataza mwanamume kumgusa mama wa mke wake au hata kuketi naye karibu. Lakini Obwocha alizidisha. Siku moja alimwona Nyanchoka, mama mkwe huyo, akija upande wa soko, akajifungia ndani ya bucha na nyama yote hadi saa nane mchana. Wateja wakaenda kununua maharagwe.

Kisha mafigo yakamwacha. Presha ilikuwa imeyala kimyakimya kwa miaka, na sasa akawa anapelekwa mjini Kisii mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Alirudi nyumbani akiwa hoi. Nilikuwa nikimwona naogopa, na mimi si mtu wa kuogopa.

Daktari aliposema atafutiwe figo, sisi ndugu tulijipanga kama watu wanaogawiwa unga. Mimi Esnah nikakataliwa, kumbe nami nina presha. Mdogo wetu Duke tishu zake zililingana na za Obwocha mpaka daktari akatabasamu, na Duke akaanza kutembea sokoni akijiita spea. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha ana virusi vya homa ya ini, ambavyo vingehamia pamoja na figo. Spea ikarudishwa stoo.

Ndipo mke wake Obwocha, Nyanchera, akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake ameshapimwa kwa siri, na damu zao zinakubaliana.

Obwocha alikataa wiki mbili nzima. Eti atakaaje na mama mkwe tumboni, hata chooni awe naye. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakamaliza birika tatu za chai wakijadili kama figo ni mtu au si mtu. Nikawaambia wakichelewa kidogo tu watajadili maziko, wakaniona sina adabu. Mwishowe Nyanchoka mwenyewe alikuja mpaka langoni, akasimama nje ametupa mgongo kama inavyotakiwa.

"Baba Sharon," akasema, "heshima yako nimeiona tangu ulipomwoa mtoto wangu. Sasa naomba umwachie mume."

Hapo Obwocha akanywea, akakubali. Walipasuliwa Nairobi, na figo likaanza kazi siku hiyohiyo. Sijawahi kuona watu wazima wakilia kwa furaha mbele ya chupa ya mkojo.

Daktari alimweleza Obwocha taratibu. Tishu za mama mkwe zinafanana na zake kidogo tu, kwa hiyo mwili utaliona figo kuwa mgeni na kulipiga vita, usipozuiwa kwa vidonge vya asubuhi na jioni, maisha yote. Na kwa kuwa vidonge hivyo hulegeza kinga, virusi vinavyolala mwilini mwa watu wengi vinaweza kuamka. Kwa hiyo awe anarudi kupimwa damu bila kukosa.

Ndugu yangu alisikia alichotaka. Mwezi wa nne baada ya upasuaji vipimo vikaonyesha figo linachoka. Nilipombana akakiri kwamba alikuwa anameza nusu ya vidonge.

"Dawa ndizo zinaamsha virusi," akanieleza, ametulia kama mwalimu mkuu. "Na mwili wangu hauzihitaji, dada. Hauwezi kumpiga mama mkwe."

Nilitafuta mwiko nimpige nao. Alilazwa, akapewa dawa kali za kuingia kwenye mshipa, na virusi kweli vilikuwa havijaamka. Kilichomuumiza ni mwili wake mwenyewe, ambao hakuna aliyeufundisha chinsoni. Daktari akasema figo limeumia lakini litaendelea, ila akirudia tena, anarudi kwenye mashine.

Jumapili baada ya kutoka hospitali, Nyanchoka alikuja tena. Safari hii alipita lango, akapita mlango, akaingia sebuleni. Obwocha akainuka akitafuta pa kutokea. Mama mkwe akavuta kiti, akaketi mbele yake magoti yakikaribia kugusana, akampa kikombe cha maji na vidonge kiganjani.

"Nilikuwa nayo mawili," akamwambia. "Sina la tatu."

Obwocha akameza vyote. Kisha, mchinjaji mzima, akafungua mdomo wake mbele ya mama mkwe ili ahakikishe vimeshuka.