Kasi Niliyojisifia

Wakati wa lockdown ya korona nilifanyia kazi sebuleni kwetu Toongabbie, kitongoji cha Sydney. Mfumo wetu wa kazini ulikuwa ukibana mafaili yawe madogo kwa maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari, iliyogoma kwenye kompyuta mpya, nami nikaibadilisha na nyingine iliyoandikwa kwa Java peke yake, lugha ya programu inayokubali kwenye kompyuta za kila aina.

Kwenye mkutano wa video nikatamba mbele ya timu nzima: "Ina kasi ya ajabu, na faili linabaki dogo kama punje!" Mume wangu akanipigia makofi kutoka jikoni.

Bosi wangu, Helen, akasema, "Hebu lifungue tuone."

Nikalifungua. Halikuwa na hata herufi moja. Nilikuwa nimebana faili tupu! Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Helen alicheka mpaka akavua miwani. "Lakini Njeri, kompyuta mpya haikugoma. Sasa ipe kitu cha kubana."