Kioo Juu ya Ufa

"Mnanihimiza niweke saini kama vile nyumba ni yenu," mdogo wangu alituambia, mimi na mkwewe, mkasi wa kazi ukiwa bado mkononi. "Benki wakija kubandika karatasi mlangoni, nitalala kwa nani?"

Mkwewe, mume wa binti yake, alikuwa amekuja tena na mahesabu yake: akope kwa hati ya nyumba, apandishe ghorofa, wapangaji wanne wawe wanane. Kijana huyo hajawahi kumiliki hata banda la kuku, ila kwa mdomo ameshajenga mji mzima.

Mdogo wangu hushona sare za shule. Vyumba vyake vinne vya kupangisha vimetoka kwenye cherehani, na tangu mumewe afariki, kodi ndiyo inayomlisha. Njia zilikuwa tatu: akope ajenge juu, auze anunue viwanja viwili nje ya mji, au akae alivyo na kuziba paa. Zote zilimtisha. Akifikiria mkopo, anaificha hati upya. Akifikiria kuuza, analowesha sare za watu kwa machozi. Akisema akae alivyo, macho yanamwendea ufa.

Ufa ulikuwa juu ya mlango wa chumba cha tatu, mrefu kama mkono. Fundi aliyeijenga nyumba, mtu mnene aliyenuna tangu azaliwe, alikuja akabandika kipande chembamba cha kioo juu yake, kwa saruji huku na huku. Akamwambia asubiri miezi miwili. Ukuta ukitembea, kioo kitakatika. Kisipokatika, basi ni plasta tu, na ndipo achague njia.

Mwingine angesubiri. Yeye kila asubuhi alipanda kiti akakipangusa kile kioo kwa kitambaa ili akione vizuri. Mpangaji wa chumba hicho, muuguzi, akawa kila akifungua mlango anakutana na magoti ya mwenye nyumba. Siku moja alimwuliza kama kodi imepanda mpaka huko juu.

Wiki ya tano kioo kikavunjika. Alikuja kwangu bila viatu, mikono baridi kama ya maiti. Ameshampigia dalali, na dalali analeta mnunuzi mchana huohuo, kwa nusu ya bei. Nikamwambia tumwite fundi kwanza. Hakutaka.

"Dada, wale watu wamelala mle ndani," alisema. "Ukiwaangukia je?"

Niliuona ule ukuta ukilala juu ya muuguzi wa watu. Nikatoka mbio kumfuata fundi.

Fundi alipanda kiti kilekile, kikalia chini yake. Akatazama, akapapasa, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Mdogo wangu alikuwa ameshika mkono wangu mpaka kucha zikaingia.

"Mama, hiki umekivunja wewe," fundi alisema. "Ukuta ukitembea, kioo hukatika katikati, juu ya ufa. Hapa katikati ni kizima. Kimemeguka pembeni, ulipokuwa unasugua." Akashuka. "Nyumba haiendi popote. Msingi nilichimba mpaka kiunoni. Wewe ulitaka gotini, ukaninyima siku yangu."

Ilikuwa kweli. Miaka kumi na moja nyuma mdogo wangu alimwambia fundi amechimba zaidi ili arefushe kazi, na siku ya mwisho hakumlipa.

Nje gari likapiga honi. Dalali. Mdogo wangu akatoka bila viatu vilevile, akamwambia hauzi, akarudi ndani. Akauliza kuhusu ghorofa.

"Msingi huu unabeba vyumba," fundi alisema. "Ghorofa hauwezi, na maneno ya mkweo ndiyo kabisa."

Basi akachagua: paa mwaka huu, mkopo hapana, na akijaliwa chumba kimoja uani, polepole. Bado alikuwa anaogopa, lakini sasa alikuwa amekaa. Akavuta mtoto wa meza ya cherehani, akatoa malipo ya siku ile moja, kwa bei ya leo, si ya wakati ule. Fundi hakuhesabu. Alizikunja noti, akazitia ndani ya kofia.

Kisha akabandika kioo kipya. Hicho hakutoza. Alipoondoka, alikibeba kile kiti.