Pini Niliyotolea Funza

Kijijini kwetu, upande wa Namtumbo, nilisifika kwa kutoa funza. Mtu akiwashwa kidole ananijia mimi, maana nina mkono mwepesi, na nilijivuna kweli. Funza ni kiroboto mdogo wa vumbini. Anaruka, anajichimbia nyamani, anavimba kwa mayai hadi ukubwa wa punje ya mtama.

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi walianza kuja kuchukua tumbaku, chama chetu cha ushirika kikiwa hoi. Tukahamia kwenye bani, pale tunapokaushia tumbaku kwa moshi, ili kazi iende haraka. Vumbi lake lilijaa funza. Siku moja, mume wangu akiwa porini kukata kuni, nilijitoa saba, kisha nikamtoa mama mkwe watatu kwa pini ileile, niliyoifuta kwenye kanga tu. Matundu nikayajaza ugoro, kama wakulima wa tumbaku tulivyozoea.

Baada ya siku nane hivi taya likakaza, nikashindwa kutafuna ugali. Asubuhi ile mume wangu alikuwa amenigombeza, akadhani nimenuna.

“Nuna tu,” akasema. “Njaa itakufungua mdomo.”

Siku mbili zikapotea. Ya tatu mgongo ulipinda, kisogo kikaelekea visigino, mkojo ukanitoka mbele ya mkwe wangu.

“Huyu hajanuna, baba,” mama mkwe akamwambia mwanawe. “Hata mimi shavu linakaza.”

Tukapakiwa sote wawili kwenye lori la mahindi hadi hospitali, Songea. Daktari akatutazama miguu.

“Pepopunda hii. Nani aliwatoa funza?”

Mimi meno yalikuwa yamefungana. Mama mkwe akajibu kwa shida, mwanawe akisikia: “Kila mtu alijitoa mwenyewe.”

Tulilazwa chumba chenye giza. Kijiko kikianguka, mwili wote unakakamaa. Nililishwa uji kwa mpira wa puani. Kitanda cha pili nilimsikia mama mkwe akikoroma na kukakamaa, nami siwezi hata kumwomba radhi. Siku ya nne akanyamaza, wakamfunika shuka. Bado namsikia, hata nikiwa jikoni napepeta mahindi.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi walionigeuza kitandani wiki tano. Jamani, nendeni mkachanjwe. Vaeni viatu. Funza atolewe zahanati, kwa sindano safi, na ugoro wekeni mbali na kidonda.

Mume wangu yupo hapa kikaoni, amekaa karibu na mlango. Habari ya pini ameisikia leo, pamoja nanyi.