Amana za Safari ya Mkwaja

Anayesema mdogo wangu Massoud alikufa kwa kutojiandaa, asije tena kununua vitumbua vyangu. Nimeyachoka maneno hayo hapa Chumbageni. Massoud alijiandaa kwa safari ile kuliko watu wanavyojiandaa kuoa.

Alikuwa fundi wa kushona mabegi. Mabegi ya dukani yalipozidi kuwa rahisi, kazi ikafa, na mkewe Asmaa akarudi kwao Maramba kungoja mambo yakae sawa. Ndipo aliposikia kwamba kambi moja ya wageni kule Mkwaja inatafuta mtu wa kuwaongoza watalii wanaopenda kutembea kwa miguu siku kadhaa, mizigo mgongoni. Mwenye kambi akamwambia kwenye simu: tembea wewe kwanza, kutoka Tanga hadi hapa, na begi lako, ukifika, kazi yako. Kwa Massoud, kufika Mkwaja ndiko kumrudisha Asmaa nyumbani.

Akashona begi lenye mkanda mpana wa kiunoni, ili uzito ukae nyongani usikae mabegani. Akalijaza mchanga, kidogo kwanza, akawa anatembea nalo hadi Pongwe na kurudi. Watu walimcheka. Alirudi na malengelenge, akayapaka mafuta ya mgando, kesho yake akatoka tena.

"Dada, wanaoshindwa hawashindwi na simba," aliniambia. "Wanashindwa na soksi, na kiu. Siku ya kwanza unajiona bwana harusi. Siku ya pili unajuta kuzaliwa. Siku ya tatu unatembea tu, kwa kuwa huna pa kukaa."

Ndani ya begi alipanga chupa nne kubwa za maji, tende, chumvi, turubai na nguo za kubadili. Visima vya kule pwani vingi vina maji ya chumvi, hilo alilijua. Akaniambia hakuna kitakachoingia tena, hata kijiko.

Alasiri ya kuamkia safari, mtaa ukaja. Kwetu mtu akisafiri hatoki mikono mitupu. Basi lipo, lakini mzigo wa kwenye basi ni mzigo tu. Aliobeba mtu wa mtaani ni salamu, na ukishaupokea ni amana. Mzee Uweso alileta redio ya nduguye wa Pangani. Mwengine akaleta dawa, mwengine vitambaa, vya jamaa zao wa Mkwaja. Mwisho akaja Bi Wanu, na mbuzi ya kukunia nazi, ya mninga, nzito, ya kumpelekea bintiye Tuhfa aliyeolewa Mkwaja.

"Mwanangu, hii tu," alisema. "Utaifunga kwa juu."

"Shikamoo, Bi Wanu. Nipe, itafika," Massoud akajibu.

Alipoondoka yule bibi nikapandwa na hasira. Nilimwambia kinagaubaga kwamba Mkwaja kuna minazi kuliko watu, watakosaje mbuzi? Yeye anatoa chupa mbili za maji na kuziweka juu ya meza yangu.

"Rudisha maji ndani, Massoud."

"Nikikataa watasema nimeanza kujiona kabla sijapata hiyo kazi. Dada, hawa ndio watakaonizika."

Hakuambilika. Akatoka alfajiri.

Alipofika Pangani alinipigia. Redio ameifikisha, miguu mizima, kesho anavuka na kivuko. Nikamuuliza, basi sasa umepata nafasi ya maji? Akacheka. Yule ndugu wa Mzee Uweso amempa nazi na papa mkavu wa kumfikishia shemeji yake, Mkwaja hukohuko. Nikamkatia simu kwa hasira, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia.

Wanawake waliokwenda kuokota chaza ndio waliomkuta, mbele ya Kipumbwi, amelala ubavu kwenye kivuli chembamba cha kichaka. Ilikuwa kaskazi, jua la Februari, na chupa zake mbili zilikuwa kavu. Nilipofika na Asmaa, Massoud alikuwa amekwisha kuoshwa. Tukamzika palepale Kipumbwi, na watu wa mtaani hawakuwepo.

Baada ya maziko wakaniletea begi. Dawa zilikuwemo, vitambaa vimo, nazi zimo, papa yumo, na mbuzi ya Bi Wanu imefungwa kwa juu kama alivyoagizwa. Turubai lake, nguo zake na tende zake havikuwemo. Mmoja wa wanawake waliomkuta akanieleza kwamba waliviona nyuma huko njiani, kimoja kimoja, vimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya majani. Mdogo wangu alipolemewa alitupa vya kwake. Nililia mpaka sauti ikakauka, na ndani ya kilio kile nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Amana ni amana. Asmaa akabaki Kipumbwi, mimi nikapanda pikipiki kwenda Mkwaja na vitu vyote. Vya watu wengine niliviacha kwa wenyewe, nikamalizia kwa Tuhfa. Nikamwambia ni nani aliyeibeba mbuzi ile na aliishia wapi. Akaipokea kwa mikono miwili, akalia kweli, akaniandalia chai. Kisha akaenda kuiweka jikoni, na mlango ulikuwa wazi: pale ukutani zilikuwepo mbuzi nyingine mbili, za mninga vilevile, mpya, hazijawahi kukuna nazi.

"Mama hachoki kunitumia," alisema, ameona ninapotazama.

Nikaaga. Nimefika uani akanikimbilia, macho bado mekundu, mkononi ana kifurushi kilichofungwa kwa kanga, kizito kiasi.

"Dada, usirudi mikono mitupu. Nifikishie hiki kwa mama."

Nilimtazama. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na mimi si mtu wa kumeza maneno. Nikanyoosha mikono nikapokea.