Mchujo wa Dada Somoe

Nakiri: mtoto aliyepeleka kifumbu kwenye mbio za sekondari ni mimi. Kwa miaka mingi, kila nilipowasimulia watu, nilimsingizia mtoto wa mjomba.

Juzi, nikipita Ufukoni, niliona wasichana wakikimbia uwanjani pekupeku, na vumbi likaninukia kama la siku ile. Dada yangu Somoe alikuwa ametangaza nyumbani kwamba alasiri kuna mchujo, na watakaopita watakwenda kukimbia Masasi. Mimi mchujo nilioujua ulikuwa wa tui. Nikachukua kifumbu cha mama, bado kinanuka nazi, nikaenda nacho mbio hadi kwenye mstari wa kuanzia.

"Dada, umesahau!"

"Somoe, leo tunapika wali?" mwenzake akauliza, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Filimbi ikalia. Dada akawa wa mwisho, na Masasi hakwenda.

Pamoja na shahada zangu mbili na mvi kichwani, bado niliamini kicheko kile ndicho kilichomkosesha Masasi. Jana nikampigia simu kumwomba radhi.

"We mtoto," akasema, "hata mazoezini nilikuwa wa mwisho. Siku ile ulinipa kisingizio, na nimekitumia mpaka leo."