Malaria ya Barabara ya Fataki

Nusura nimpeleke mtu kifoni kwa sababu ya ratiba. Nalisema hivyo hivyo bila kulipamba, maana nilipofika Bunia, mashariki mwa Kongo, kusimamia ofisi ndogo ya misaada nilijiona mjuzi wa mambo yote, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuniambia vinginevyo. Mimi ni mtu wa Morogoro, mdomo ninao, na hasira zangu haziko mbali. Wafanyakazi walinitania kwa jinsi ninavyoongea. "Mama chef iko nasema kama Biblia," walisema, chef kwao akiwa ni bosi, nami nikacheka nao, nikidhani kwa kuwa tunaelewana lugha basi tunaelewana yote.

Madereva walikuwa watatu, na kila wiki gari moja lilipanda barabara ya kwenda mji mdogo wa Fataki na dawa za zahanati. Mkubwa wao kwa umri alikuwa baba mmoja wa mtaa wa Ngezi, mtu mtaratibu, mazulia ya gari aliyapangusa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alikuwa na ugonjwa wa ajabu. Zamu ya uwanja wa ndege, mzima. Zamu ya kambi ya walinda amani, mzima kabisa. Zamu ya Fataki ikifika tu, malaria. Na wenzake wanampokea usukani bila kununa.

Loh, niliwaka! Kwetu huo unaitwa uvivu. Nikaitisha mkutano, nikabandika karatasi mbili ukutani. Ya kwanza: zamu ni zamu, anayeugua alete cheti cha daktari, na atakayekosa cheti hana kazi. Ya pili niliiandika kwa majivuno: hapa ofisini hatuulizani wala hatutajiani kabila. Nilikuwa nimechoshwa na minong'ono ya mji ule, nani yuko upande gani, duka lipi ni la nani. Nikawaambia sisi Tanzania mambo hayo tulishayazika. Walipiga makofi. Yule baba alipiga makofi pia.

"Hakuna shida, chef," akasema, nami nikaamini.

Zamu yake ikaangukia Alhamisi. Asubuhi nilimwona uani amevaa shati jeupe la kanisani, limepigwa pasi vizuri, nikajisemea, umeona, mtu akibanwa hunyooka! Nikakaa ofisini kusaini makaratasi ya safari huku nikisubiri chai. Chai haikuja. Alikuja mama mpishi mikono mitupu, akafunga mlango nyuma yake. Ni mtu wa Mahagi, kando ya ziwa, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, na tangu nimjue hakuwahi kuingia mle bila kubisha hodi. Akaweka mezani leso iliyofungwa fundo. Nikafungua. Ndani mlikuwa na simu ya yule baba na pete yake ya ndoa.

"Ameniachia nimupe muke yake," akasema. "Mama, mutu anaenda kushusha dawa na kurudia saa kumi, pete anaacha ya nini?"

"Sijui. Ya nini?"

Alinitazama akifikiri namtania. "Weye hujui kweli? Kule njia ya Fataki, ku barieri, bale ba bunduki banafunga njia, banaomba karti. Banasoma jina. Jina yake inasema kabila yake, inatosha. Bale shofere bengine banaweza kupita, huyu hapana, batamushusha. Ndiyo maana iko na malaria. Siye bote tunajua. Anakaa pale inje, minamuletea chai, tunacheka."

"Sasa kwa nini wenzake hawakuniambia?"

"Bakisema, utazani banatafutia ndugu yabo kazi mwepesi. Mimi ni mutu ya Mahagi, siko upande hata moja. Basi nimesema."

Nje injini ikawaka.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka kiatu kimoja kilibaki kwenye ngazi, na kwamba nilimpigia mlinzi kelele afunge geti, na mlinzi yule, ambaye siku zote hunitii kwa kuburuta miguu, alilifunga kabla sijamaliza kusema. Naye alijua. Uani kote hakuna aliyekuwa akifanya kazi, walikuwa wamesimama tu wanatazama gari.

"Zima gari! Zima, baba, nakuomba!" Nikamshika mkono kupitia dirishani. Ulikuwa wa baridi. "Kwa nini hukuniambia?"

Akanionyesha kwa kidevu upande wa ukuta wenye karatasi zangu. "Uliandika tusitaje, chef. Na mimi niko na batoto tano. Nikikosa kazi, batakula nini?"

Nililia pale pale, mbele ya watu, bila aibu. Mungu wangu, mtu alivaa shati la kanisani aende kufa, ili anitii! Safari nikaifuta, na kesho yake dereva mwingine akaenda na kurudi salama. Karatasi ya kwanza niliibandua mwenyewe, madereva wakarudi kupangana wanavyojua wao. Ya pili nilishindwa kuamua niifanye nini, ikabaki ukutani.

Jumatatu yule baba alinipeleka mkutanoni kwenye kambi ya walinda amani. Nilikaa mbele, pembeni yake, nikamwomba msamaha kwa mara ya tatu. Pikipiki zilitupita kushoto na kulia, naye akaendesha mpaka tulipofika kwenye foleni ya kukaguliwa.

"Chef, mimi sina kasirani," akasema. "Ni kitu moja tu. Mu Bunia muzima, weye peke yako ulikuwa hujui mimi ni mutu ya wapi. Bengine bote, mbele ya kunisalimia, banafikiri kwanza. Weye ulikuwa unanigombeza tu, kama muvivu yeyote. Mimi nilikuwa nafurahi." Akavuta breki ya mkono. "Sasa unajua."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna kilichobadilika. Neno lilinifika kabisa mdomoni. Lakini tangu ile Alhamisi nilikuwa nimeshapitia moyoni kila alichowahi kuniambia, duka alilonielekeza, mtaa alioniambia nisikanyage, nikijiuliza kimoja kimoja alikisema kwa faida ya nani. Nikafungua mlango, nikashuka, nikaenda mkutanoni.